Unga wa Muhogo Kwenye Moteri

Lukumani alikuwa amelala chali chini ya gari la hospitali, kitambaa cheupe amekizungusha kwenye kidole. Alipapasa moteri, injini yenyewe, kiungo kwa kiungo: akimaliza mahali pamoja anatoa mkono, anakitazama kitambaa kwenye mwanga, anakirudisha. Vumbi. Vumbi tena. Kutu kidogo karibu na bomba la moshi. Mafuta hakuna.

Kando ya kichwa chake palikuwa na kartoni aliyoitandika jana jioni. Usiku kucha gari lilikuwa limesimama juu yake, na asubuhi hii kartoni ilikuwa na matone mawili, kila moja dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho.

"Mbili tu?" sauti ya mwanamke ikauliza kutoka juu.

Alichoweza kumwona ni viatu vyake, vyeusi, vilivyopakwa vizuri. Huyo alikuwa Clémentine, OPJ, ofisa wa upelelezi aliyekuwa na dosie, faili la kesi, mkononi.

"Mbili, mama OPJ."

"Na gari inakosa litre ine kila safari."

"Litre ine, ndiyo. Kwenda Kabambare na kurudi."

"Matone mbili kwa usiku moja. Litre ine itatimia mwaka gani?"

"Hii haiko kuvuja, mama. Hii ni jasho. Kila moteri ya zamani inatokaga jasho."

Viatu vikageuka upande wa barabara, ambako nyuma ya ofisi ya polisi kulikuwa na chumba cha dirisha moja, na ndani ya chumba hicho dereva Bulaimu alikuwa anamaliza siku yake ya sita.

Shitaka lilikuwa fupi. Safari tatu mfululizo gari lilitoka Kasongo likiwa na mafuta ya moteri mpaka alama ya juu, na mara tatu lilirudi likiwa limepungukiwa lita nne, karibu kavu. Mafundi wawili walilitazama, hawakuona tundu. Basi, akaandika Serge, msimamizi wa hospitali, kama moteri haivuji na haitoi moshi, mafuta anayatoa dereva na kuyauzia watu wa pikipiki wanaokwenda Salamabila. Kesho asubuhi kulikuwa na kamio, lori la kwenda Kindu, penye mahakama ya mkoa. Bulaimu angepanda na dosie yake, na akishapanda, jambo lingekuwa limetoka mikononi mwa Kasongo. Safari ya namna hiyo mtu anajua siku ya kuondoka, siku ya kurudi haijui.

Clémentine hakupenda kutia sahihi kwenye kitu asichokielewa. Ndiyo maana jana alikuwa amekuja gereji kwa Lukumani, ambaye moteri alizijua kwa kuzifungua tu na kwa kitabu kimoja kilichokosa jalada, akamwambia: niletee tundu kabla jua la kesho halijazama. Usiponiletea, nitasaini.

Kesho hiyo ilikuwa leo.

Lukumani akajivuta kutoka chini. Serge alikuwa amefika, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni.

"Fundi, umeona tundu?"

"Bado, monsieur Serge."

"Huwezi kuona kitu chenye haiko." Akamgeukia Clémentine. "Na Mahamudu wa pikipiki? Watu walimuona anapokea bidon ya mafuta kwa mukono ya Bulaimu."

"Nilifungua ile bidon mimi mwenyewe," Clémentine akasema. "Ni mawese. Ya mama mukwe wa Mahamudu. Yule mama alinisemesha saa nzima sababu niliingiza kidole."

Lukumani akamwomba ofisa ainame kidogo. Akamwonyesha boulon, ile bolti iliyo chini kabisa ya karter, lile bakuli la chuma linalobeba mafuta. Juu ya kichwa cha boulon palikuwa na mstari mwekundu mwembamba uliovuka mpaka kwenye chuma cha pembeni.

"Hii ni vernis, rangi ya kucha. Kila boulon nafungaga, napaka. Mutu akiizungusha hata kidogo, musitari unakatika. Hii haijakatika tangu siku ya vidange, nilipobadilisha mafuta mbele ya zile safari tatu. Kwa hapa hakuna mafuta ilitoka."

"Vernis ya kucha za nani?" Clémentine akauliza.

"Ya muke wangu. Analalamika."

Serge hakucheka. "Kuna njia ya juu. Pale munapimiaga mafuta na ile fimbo ya chuma. Yeye ni dereva wa hospitali. Mipira ya serum anaikosa? Anaingiza mupira, anavuta."

Lukumani akafikiri. Halikuwa neno la kipumbavu. "Inawezekana," akasema. "Tupime."

Serge mwenyewe alileta mpira wa serum, ule wa dripu, na bomba kubwa la sindano lisilo na ncha. Lukumani aliwasha moteri mpaka ikapata moto, akaizima, akaingiza mpira kwenye tundu la fimbo, akaanza kuvuta. Mwadhini alikuwa anaita adhuhuri. Mafuta yalipanda polepole kama asali ya msimu wa baridi, yakakatika, yakapanda tena. Watu walipotoka msikitini, kwenye gilasi kulikuwa na nusu.

"Litre ine kwa mwendo huu ni siku nzima," Lukumani akasema. "Na infirmier alikuwa anakaa naye mbele."

Clémentine alikuwa amekwisha kufungua dosie. Maneno ya muuguzi yalikuwa ukurasa wa tatu. "Infirmier anasema walisimama mahali pamoja tu. Mutoni, mbele ya kuingia muji. Kila safari. Yeye anashuka anaenda nyumbani kwa mguu, Bulaimu anabaki na gari pekee yake, saa moja."

"Saa moja," Serge akasema taratibu. "Kila safari. Pekee yake. Mama OPJ, unataka nini tena?"

Saa moja haikutosha kuvuta lita nne, lakini Lukumani hakujua bado mafuta yalikwenda wapi. Akafuta mikono, akaomba ruhusa ya kwenda dirishani.

Bulaimu alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani. Alisimama haraka alipomwona, akashika nondo.

"Kaka Lukumani. Umeona?"

"Bado. Mutoni ulikuwa unasimama kufanya nini?"

"Kuosha gari."

"Saa moja?"

"Ile matope ya njia ya Wamaza inatoka kwa dakika tano? Monsieur Serge hapendi uchafu mbele ya hospitali. Na mimi pia niko na haya. Gari ya wagonjwa iingie mu muji sawa nguruwe?"

"Unaosha juu?"

"Juu, matairi, chini. Naingia chini na seau ya maji na savon ya unga, nasugua hata karter. Baba alitufundisha: sufuria ya kuazima, inarudi ikiwa safi kuliko ulivyoipokea."

Lukumani akaliegemea dirisha. "Kila safari?"

"Kila safari. Juu ya nini unaniangalia vile?"

"Bulaimu, kama iko mafuta ilikuwa inatoka, ilikuwa inaacha njia yake chini ya gari. Ile njia tu ndiyo ingekutolea ushahidi. Na weye umeiosha na savon mara tatu."

Bulaimu akarudi kukaa chini.

"Simama," Lukumani akasema kwa upole. "Sijamaliza. Taa ya mafuta iliwaka wapi?"

"Pente ile ndefu, ule mulima mbele ya kufika Lusangi."

"Ulikuwa na mzigo?"

"Mzigo mingi. Mara zote tatu nilikuwa na mzigo."

"Kitu gani ingine, pale kwa pente?"

"Hakuna." Akafikiri. "Harufu. Sawa kitambaa kinaungua. Nikasema ni frein, ni breki."

"Ulikuwa unapanda ao unashuka?"

"Napanda."

"Mutu anapanda mulima, anashika frein?"

"Hapana," Bulaimu akasema. "Ndiyo vile. Hapana."

"Na gari ilikuwa inavuta?"

"Moteri inalia, gari haiendi. Nikateremusha watu wapande na miguu."

Lukumani akaunganisha mambo. Gari ambalo moteri inalia nalo halisogei, na harufu ya kitambaa kinachoungua, huo ni embrayage, klachi, unaoteleza. Embrayage kavu hautelezi bure: umeloa mafuta. Alirudi hospitalini akitembea upesi kuliko kawaida yake, na alipopita mbele ya jiko la wagonjwa akasimama.

"Mama, naomba unga ya muhogo. Yenye imekauka sana."

Mpishi alimwangalia mikono. "Fundi, na gari sasa inakula ugali?"

"Leo itaonja tu."

Alisafisha sehemu ya chini ya gari kwa petroli kidogo, akaikausha kwa kitambaa mpaka chuma kikalia kikisuguliwa. Kisha akatia unga kwenye soksi kuukuu, akaipigapiga chini ya moteri, mbele, pembeni, nyuma, mpaka kila kitu kikawa cheupe kama uso wa mwali. Unga mkavu hauwezi kuficha kitu. Tone likipita, hata liwe dogo namna gani, litaacha barabara nyeusi. Alipima mafuta kwa fimbo, akakwaruza alama kwa ncha ya msumari.

"Tufuate barabara ya muji, tuzunguke mara mbili," akasema.

Walizunguka, Lukumani kwenye usukani, Clémentine kando, Serge nyuma. Waliporudi Lukumani akaingia chini. Alikaa muda mrefu. Alipotoka, nywele zake zilikuwa na unga.

"Nyeupe," akasema.

"Yote?"

"Yote."

Serge alitazama saa yake, kisha akamtazama ofisa. "Niandike nini kwa ndugu za wagonjwa, mama OPJ? Kwamba tunaoka gari?"

Clémentine alitazama kivuli cha ukuta, kilichokuwa kimefika kwenye matairi ya mbele. Akafunga dosie, akatoa kalamu kwenye mkoba, akabaki ameishika.

"Papa Lukumani, nimekusubiri."

"Mama, tumeiuliza vibaya," Lukumani akasema. "Tumeiuliza ikiwa na tumbo tupu, kwa njia ya sawasawa. Bulaimu alikuwa na mzigo, na alikuwa anapanda. Naomba mifuko kumi na mbili ya mchanga. Naomba mulima. Mara moja tu."

"Na mazout?" Serge akasema. "Dizeli ya nani?"

"Ya hospitali," Clémentine akasema. "Plainte, ile shitaka, ni ya hospitali."

Walinzi wawili walipakia mchanga. Lukumani akatia unga upya, akaendesha, Clémentine na Serge ndani, mpaka pale barabara ya Kabambare inapoanza kupanda, mahali ambapo mvua ilichimba mifereji na magari hupita kwa gia ya kwanza. Akapanda. Akageuza juu, akashuka, akapanda tena. Mara ya pili hapakuwa na kitu. Mara ya tatu, katikati ya mlima, sauti ya moteri ikapanda peke yake na gari likabaki nyuma ya sauti hiyo.

Clémentine akanusa. "Nini inaungua?"

"Ile Bulaimu alisema."

Hakungoja kufika juu. Alisimamisha gari palepale, pua ikitazama juu, akatia mawe nyuma ya matairi, akaingia chini akitanguliza kichwa. Mbele palikuwa peupe. Pembeni peupe. Karter nyeupe. Nyuma kabisa, pale moteri inapokutana na boîte ya vitesse, sanduku la gia, kuna tundu dogo ambalo watu wengi hawalijui. Kutoka kwenye tundu hilo unga ulikuwa umegeuka uji mweusi, nao uji ulikuwa umetambaa kurudi nyuma hatua nzima. Tone likaanguka mbele ya macho yake. Kabla hajapumua, likaanguka jingine.

"Mama OPJ. Kuja uone na macho yako."

Clémentine akavua koti, akalikunja, akaingia chini ya gari pamoja naye. Serge aliinama tu, kwa ajili ya shati.

"Gari ikisimama sawasawa," Lukumani akaeleza, "mafuta inatulia chini, mbali na hapa. Ikipanda, yote inakimbilia nyuma, sawa maji mu beseni ukiinamisha. Na ikipata moto inakuwa nyepesi. Inapita, inaloanisha embrayage, ingine inatoka kwa hii tundu. Ukifika mutoni, inabaki alama tu. Na alama ilikuwa inaoshwa."

Walishuka mpaka uwanjani, akaliegesha gari mahali palepale pa mwanzo, akangoja mafuta yatulie, akapima. Fimbo ilionyesha pungufu ya upana wa kidole kutoka alama ya msumari. Milima mitatu tu.

"Ku Kabambare kuna milima ngapi?" Clémentine akamwuliza Serge.

"Sijazihesabu."

"Lakini umezipita." Akaandika. "Mutu hawezi kuuza mafuta yenye imekwisha kumwangika."

Serge alikuwa bado anatazama chini ya gari. "Pale nyuma kuna nini, fundi? Inaitwa nini, yenye inazuia mafuta?"

"Joint ya nyuma. Mupira wa muviringo, unazunguka muti wa moteri, ile chuma yenye inageuka."

"Mwezi wa tatu tulibadilisha embrayage. Joint pia ilibadilishwa, nilisaini bon, karatasi ya malipo, mimi mwenyewe. Nani aliifunga?"

Walinzi waliokuwa wanashusha mchanga wakaacha kushusha.

"Ni mimi," Lukumani akasema.

"Na mafuta ilianza kupotea lini?"

"Kisha hapo."

Clémentine aliinua uso kutoka kwenye karatasi. "Papa Lukumani. Ulijua?"

"Nilijua niliifunga. Sikufikiri kuiuliza. Tangu jana nimeuliza kila boulon ya hii gari, mama. Kazi ya mukono yangu peke yake sikuiuliza."

"Basi ni weye unapashwa kuwa kule kwa dirisha," Serge akasema. "Mutu wa bure amelala chini siku sita."

"Inaweza kuwa ni mimi. Inaweza kuwa niliingiza ile mupira ikakunjika mudomo. Inaweza kuwa muti wenyewe umelika, umefanya mufereji, hata mupira mupya haushike. Inaweza kuwa mupira ni mubaya." Akafuta vidole kwa kitambaa. "Ulikuja mu sachet ya plastiki nyeupe, bila jina. Niliupokea vile, nikaufunga vile. Simusemi mutu. Mafuta yenye inatoka ni ya rangi moja, kosa iwe ya nani."

Serge, aliyekuwa amenunua mpira huo kwa mkono wake, akarekebisha kalamu mfukoni.

"Utajua lini?" Clémentine akauliza.

"Nikiteremusha boîte na kuondoa embrayage. Kwa mukono moja peke yangu ni kazi ya siku. Na sasa chuma ni moto, na jua ndiyo hiyo."

"Kamio inatoka asubuhi."

"Najua, mama."

Clémentine akampa karatasi na kalamu. Lukumani akaiweka juu ya tairi la akiba, akaandika kwa herufi kubwa zilizosimama wima, akitafuta kila neno kabla ya kuliweka. Aliandika kwamba moteri inavuja. Aliandika mahali, na namna, na kwamba mama OPJ ameona. Alipofika chini alisimamisha kalamu. Serge akafikiri amemaliza, akanyosha mkono. Lukumani akaandika mstari mmoja tena: *Joint hii ilifungwa na mimi, Lukumani, mwezi wa tatu. Sababu ya kuvuja sijaijua bado.* Akatia sahihi.

Clémentine aliusoma mstari huo mara mbili. "Hii ya mwisho hakuna aliyekuomba."

"Bila hii, karatasi iko na tundu."

Clémentine akaikunja, akaitia kwenye dosie. "Bulaimu hapande kamio," akasema. "Lakini simwachi leo. Atabaki mule ndani mpaka nione ile mupira na macho. Na weye, papa, usitoke Kasongo."

"Niende wapi na boîte ya watu?"

Jua lilikuwa limebakia mkono mmoja juu ya paa. Lukumani alikaza mawe kwenye matairi, akaweka vipande vya mbao chini ya boîte, akaanza na boulon za mti wa nyuma, ule unaozungusha matairi. Nne zilitoka. Alizipanga kwenye gunia kwa mpangilio wa zilivyotoka. Za juu ya boîte, zilizokuwa bado na mistari myekundu, alizigusa, zikamuunguza, akaziacha. Akafunika vyombo kwa turubai, akanawa mikono kwa mchanga, akaenda dirishani.

Bulaimu alikuwa amekwisha kusimama. "Nimesikia gari inapanda na kushuka."

"Nimeona mahali inatokea. Sababu sijaiona."

"Na kamio?"

"Itaenda bila weye."

Bulaimu akaweka paji la uso kwenye nondo. Akainua kichwa. "Inatokea wapi?"

"Kwa joint ya nyuma."

"Ile ya mwezi wa tatu?"

"Ile."

"Yenye ulifunga weye."

"Yenye nilifunga mimi. Nimeiandika vile. Kesho nafungua, tutaona ni mukono, ao ni mupira, ao ni chuma."

Bulaimu akainama, akaokota blanketi lake sakafuni, akalikung'uta vumbi, akaanza kulikunja taratibu, ncha kwa ncha.

"Basi kesho kuja na blanketi yako," akasema. "Hapa chini ni baridi, na hii mimi nitaondoka nayo."